Maua ya Kigango na Kuku wa Mama Amosi

"Kuku elfu moja!" Emilian alikuwa amesimama katikati ya ofisi ya kitongoji, kidole juu, mate yanaruka. "Elfu moja, mwenyekiti! Wanakuja kigangoni kama jeshi. Wengine nadhani wanakuja kwa basi, wanatoka Manyoni huko, wanaulizana njia! Maua yote wamefukua. Wiki ijayo watafukua kanisa lenyewe, mtaikuta altare iko Itigi!"

Mama Amosi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mikono imelala mapajani.

"Ninao kumi na mmoja," akasema. "Na mmoja kilema."

Tukacheka. Mwenyekiti wetu Calist akagonga meza na kalamu, lakini na yeye alikuwa anacheka. Emilian hakucheka. Aligeuka akatuangalia sisi wajumbe mmoja mmoja kama vile ndio tumezaa hao kuku.

Sasa huyu Emilian lazima nikueleze ni nani, maana ukimsikia anapiga kelele hivyo utadhani ni mtu mbaya. Siyo mbaya. Ni mtu wa hapa hapa Ihanja, kazaliwa nyumba ya tatu kutoka kwetu, akaondoka kijana akaenda Itigi kufanya kazi stesheni. Kakaa huko miaka mingi mpaka tukamsahau sura. Alivyostaafu akarudi na mke, godoro, redio, na gunia lililoloa, limefungwa kamba. Watu tukalikodolea macho lile gunia, tukajua ni asali, maana mtu anayetoka Itigi bila asali unamuuliza alikuwa anafanya nini huko. Akalifungua. Vijiti! Vijiti vya maua, vimeviringishwa magazeti yaliyoloana.

"Haya," akasema, "yalikuwa yanapamba stesheni. Abiria walikuwa wanashuka kupiga picha, treni inawaacha."

Kuanzia siku hiyo kila mazungumzo yakawa maua. Unaongelea bei ya alizeti, yeye maua. Unaongelea msiba, yeye anakwambia stesheni walivyopeleka shada. Akavipanda vile vijiti kwenye makopo ya rangi nyumbani kwake, vikakubali, tukamwita Bwana Stesheni, na jina lilimkaa vizuri kama kofia.

Akina mama wa kigango wakamsikia. Mwenyekiti wao, Magreth, mama mmoja ana sauti ya kuita ng'ombe, akamfuata, akamwita kwa jina la bintiye, akamwambia, "Baba Happiness, sisi altare yetu ina maua ya plastiki tangu padre yule wa kwanza. Yamefifia mpaka huwezi kujua lipi lilikuwa jekundu. Tupandie bustani mbele ya kanisa. Sikukuu ya mtakatifu somo wetu, Yosefu Mfanyakazi, Mei mosi, padre akija tuweke maua ya kweli."

Emilian akavimba kifua. "Mama, hiyo ni kazi ya asubuhi moja."

Sasa wewe kama hujafika kigangoni kwetu, ile ardhi mbele ya kanisa ni kichanga. Kichanga cheupe, ukimwaga ndoo ya maji, ukigeuka kuweka ndoo chini, maji hayapo. Mihogo yenyewe inakua pale kwa kulazimishwa. Mvua za Desemba zilivyoanza Emilian akapanda vijiti vyake kwa mistari iliyonyooka, akamwagilia asubuhi na jioni, akavisemesha. Wiki ya tatu vikawa vijiti vya kuwashia moto.

Na hapa ndipo Mama Amosi anapoingia. Jina lake Damari, mjane, jirani yake Emilian ukuta kwa ukuta. Yeye ni Mnyiramba wa Kinyangiri, aliolewa huku, na huwa tunamtania kwamba alikuja kutuchunguza akasahau kurudi. Mwanawe Amosi yuko Dodoma. Anachoishi nacho mama yule ni mbuzi wachache na kuku. Kuku wake ndio sabuni, ndio chumvi, ndio nauli ya hospitali. Mnunuzi wa barabarani akisimama, Mama Amosi anatoka na jogoo kwapani na habanduki mpaka apewe anachotaka.

Siku ile alikuwa anafagia kanisa, akatoka na ufagio, akaangalia vile vijiti.

"Baba Happiness," akasema, "shida siyo maua. Shida ni udongo. Mimi nina zizi la zamani la mbuzi, halijaingiwa miaka miwili, samadi yake imeoza mpaka imekuwa kama ugoro. Chukua hiyo. Na udongo wa kichuguu kidogo, ushike maji. Changanya, funika na mabua, acha mwezi. Usiwe na haraka."

Emilian akamwangalia kwa huruma. Mimi nilikuwepo, nimekuja kuazima ngazi. "Mama Amosi," akasema, "wewe ni mtu wa kuku. Niachie mimi maua. Stesheni ya Itigi nani alikuwa anaitunza?"

Mama akarudi ndani kufagia.

Jambo ambalo hakutuambia, na mimi alikuja kuniambia mwenyewe baadaye sana, kichwa chini, ni kwamba stesheni hakuwahi kutengeneza tuta hata moja. Yale matuta aliyakuta. Aliyatengeneza mzee mmoja Nathanaeli, alikuwa kwenye gangi ya reli, wale watengeneza njia ya treni, kabla yake. Emilian alipewa mpira wa maji na mkasi tu. Maisha yake yote alimwagilia udongo wa mtu mwingine. Alikuwa anajua maua kama mtu anavyojua ugali wa mke wake: anaujua ukiwa mezani.

Lakini mtu ameshaitwa Bwana Stesheni, ataanzia wapi kuuliza?

Akawaza mwenyewe. Na alivyowaza ndivyo ambavyo mtu wa Singida tu anaweza kuwaza. Akasema: ng'ombe akila mashudu ananenepa. Kuku akila mashudu anataga. Nguruwe ndiyo usiseme. Sasa ua nalo si lina roho? Akapanda baiskeli mpaka barabarani, kwenye mashine ya kukamua alizeti, akachukua mashudu gunia mbili, bado ya moto yananukia mafuta. Fredrick wa mashine akamuuliza, "Mzee, umenunua ng'ombe?" Akasema ni ya nguruwe wa shemeji yake. Mchana kweupe, watu wote wako shambani, akayafukia yote mbele ya kanisa. Yote. Akapanda juu yake vijiti vipya, akarudi nyumbani anapiga mluzi.

Siku ya pili asubuhi kuku wakafika.

Ndugu yangu, kuku wa kienyeji mashudu hayafichiki kwake hata ukiyafukia kaburini. Na wa Mama Amosi ndio wako karibu. Walichimba pale kama wamepewa kibarua, vijiti vinarushwa huku na huku, jogoo anaita wake zake waje waone maajabu. Emilian anafukuza, wanasogea hatua tatu, wanasubiri. Akaweka miiba, wakapita chini ya miiba. Wiki nzima hakulala mchana. Na hapo ndipo akaja ofisini kwa Calist na kuku wake elfu moja.

Kwa hiyo yeye alijua kuku wanafuata nini pale. Ukisikiliza hadithi hii usisahau hilo. Labda siku ile ya ofisini hakuwa amejua vizuri, hasira ilikuwa imemjaa. Lakini fununu alikuwa nayo.

Calist akaamua. Kwetu mifugo ikiharibu mali ya watu wengi, mwenye mifugo anatoa jogoo, jogoo analiwa na wajumbe pamoja na aliyelalamika, shauri limekwisha, mnashikana mikono. Mama Amosi hakubishana. Akaenda, akarudi na jogoo wake mkubwa, yule mwekundu mwenye shingo ya dhahabu, akamkabidhi mume wa Sikudhani, mama anayetupikia vikaoni, amchinje, maana kwetu anachinja Mwislamu ili tule wote. Yeye mwenyewe hakubaki kula. Akasema ana mbuzi wa kufungulia.

Sikudhani akapika. Tumekaa chini ya veranda ya ofisi, harufu inapanda, kila mtu amekuwa mpole ghafla. Sufuria ikaletwa. Firigisi kwa desturi anapewa mwenye heshima ya siku, na mwenye heshima siku ile ni aliyekosewa. Sikudhani akamwekea Emilian kwenye sahani yake peke yake, akasema huku anacheka:

"Kula baba, lakini huyu jogoo alikuwa tajiri. Nimepasua fuko la shingoni na firigisi, hakuna mtama, hakuna mchwa. Mashudu matupu! Yamejaa mpaka yamekaza kama ngumi."

Calist akaacha kutafuna. "Mashudu? Mama Amosi atatoa wapi mashudu? Mbuzi wake wenyewe wanakula majani ya porini."

"Sijui," Sikudhani akasema. "Mimi napika tu."

Nilimwangalia Emilian. Ilikuwa ni neno moja tu. Angesema, jamani, ni mimi, tungemcheka mpaka magharibi, tungemwita Bwana Mashudu mwaka mzima, yangeisha. Niliona mdomo wake ukifunguka.

"Wanakwenda mashineni," akasema. "Barabarani kule. Si nimewaambia? Kuku wa mama huyu ni wezi."

Halafu akala firigisi. Akaitafuna polepole sana, kama mtu anayetafuna jiwe na hataki mwenyeji ajue.

Mimi nilikuwa na paja. Nalo sikuliacha, siwezi kukudanganya.

Kwa maneno yale Calist akaongeza hukumu. Kama kuku wanafika mpaka mashineni kwa watu, basi haitoshi jogoo. Mama Amosi afungie kuku wake wote, na atakayeonekana nje anachinjwa. Ataruhusiwa kuwafungulia siku Emilian mwenyewe atakapokuja ofisini kusema ameridhika. Tukaweka sahihi.

Mama yule hana banda. Akawafungia kwenye jiko la zamani siku nne, wakaacha kutaga, wakaanza kudonoana. Siku ya tano nilimwona barabarani asubuhi anasubiri gari, matenga mawili ya kuku miguuni. Nikamwamkia, nikamuuliza safari ya wapi.

"Nawapeleka Kinyangiri kwa kaka yangu," akasema. "Huko hawana kesi."

Alisema kwa utani. Lakini hakuniangalia.

Basi kukawa kimya kule kwake. Emilian akaniambia hicho ndicho kilianza kumsumbua. Miaka yote tangu arudi alikuwa anaamka kwa majogoo wa Mama Amosi. Sasa anaamka mwenyewe, jua limeshatoka, hajui ni saa ngapi, anasikia tu mama anakohoa ng'ambo ya ukuta.

Na maua je? Kuku wameondoka, sasa si yangestawi? Alipanda upya, yakawa ya njano. Halafu yakalala. Halafu pakaanza kunuka, nzi wakaja, watu wakaingia misa wameziba pua, Magreth akasema labda kuna panya amekufa kwenye dari. Emilian akasimama mbele ya tuta lake na hapakuwa na mtu wa kumlaumu. Hapakuwa na hata kifaranga.

Siku moja mwisho wa Februari, mchana, watu wako kwenye palizi, akaenda na koleo kuyafukua yale mashudu. Anatoa mabonge, yameota ukungu mweupe, yana moto ukiyashika, kama uji. Anayajaza kwenye gunia haraka haraka, jasho linamtoka, na mara akasikia ufagio umesimama.

Mama Amosi alikuwa mlangoni mwa kanisa. Ilikuwa zamu yake ya kufagia.

Akashuka ngazi. Akainama, akaokota bonge moja, akalivunja, akanusa. Emilian anasema alitamani ardhi ipasuke, lakini ile ni kichanga, isingempokea vizuri. Alisubiri apigiwe kelele. Alitaka apigiwe kelele. Mama akalirudisha bonge chini taratibu, akapangusa mikono kwenye kanga, akasema:

"Haya hayajaoza. Yanachemka kwanza. Yakichemka yanaunguza mizizi."

Basi. Akarudi kumalizia kufagia.

Kesho yake alikuja na beseni kichwani. Samadi ya lile zizi la zamani, nyeusi, nyepesi, haina harufu. Akaimwaga, akarudi kuleta nyingine. Safari ya tatu Emilian akaenda kumpokea njiani, akamnyang'anya beseni bila kusema kitu. Wakafanya kazi siku nne wale watu wawili. Alimwonyesha kuchimba mpaka kina cha kiwiko. Wakavunja udongo wa kichuguu, ule mwekundu, wakaupondaponda, wakachanganya: kichanga, kichuguu, samadi. Akamfundisha kuchukua kiganjani na kukaza: ukibaki bonge na ukiligusa na kidole likavunjika, basi tayari. Likimwagika kama unga, ongeza kichuguu. Likiganda kama tofali, umezidisha. Wakafunika kwa mabua ya uwele.

"Sasa acha," akasema. "Kila Jumapili ingiza mkono. Ukisikia moto, bado. Ukisikia baridi mpaka chini, panda."

"Mama Amosi," Emilian akaanza.

"Usimwagilie sana," mama akasema.

Hiyo ndiyo iliyomkata. Angemtukana angepona. Siku nne wameinama pamoja, viwiko vinagusana, na mama yule hakutaja kuku. Na yeye, kila asubuhi alikuwa anatoka nyumbani amejipanga: leo namwambia, leo napita kwa Calist. Akifika kwenye njia panda ya ofisi, miguu inamwambia kanisani kwanza. Alikuja kwangu jioni moja kunisimulia yote haya, mpaka la mzee Nathanaeli. Nikamwambia, "Sasa si uende kwa Calist? Ni hatua mia mbili." Akasema, "Wataniitaje?" Nikamwambia, "Watakuita Bwana Mashudu." Akaaga.

Na mimi je, kwa nini sikwenda mwenyewe kwa Calist? Swali zuri. Siku hizo nilikuwa na shughuli nyingi.

Mwisho wa Machi udongo ukapoa, akahamishia pale miche yake yote ya kwenye makopo. Na safari hii, jamani, yakakubali. Mawaridi, na yale mekundu marefu ya stesheni ambayo jina lake mimi silijui, na mengine ya njano yaliyoenea chini kama mkeka. Mei mosi ilivyofika ungedhani kigango kimehamishwa. Watu walikuwa wanasimama nje wanayaangalia, misa inaanza hawana habari. Altare imejaa, yale ya plastiki Magreth ameyachoma mwenyewe huku anaimba.

Padre kabla ya baraka ya mwisho akasema, "Leo kwenye sikukuu ya mfanyakazi, nataka nimwone mfanyakazi. Nani ameotesha maua kwenye kichanga hiki?"

Magreth akapaza ile sauti. "Baba Happiness! Bwana Stesheni!"

Makofi. Vigelegele. Emilian akasukumwa mpaka mbele, padre akamshika mkono, akamuuliza kwenye kipaza sauti, "Mzee wangu, tufundishe, siri ni nini?"

Mama Amosi alikuwa benchi la nne upande wa akina mama. Nilimwona anamwangalia, uso umetulia, kama mtu anayesubiri sufuria ichemke.

Emilian akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. Kikakoroma. Akasema:

"Ni... ni uzoefu, baba."

Makofi tena. Mimi nilipiga mawili nikaacha.

Tulivyotoka nje watu wakamzunguka, huyu anataka kijiti, huyu anataka ampandie kwake, Calist anampiga bega anasema hii sasa ni maendeleo. Mama Amosi akaja katikati yao. Alikuwa na ua moja jekundu, kama Magreth alivyompa kila mama. Watu wakampisha.

"Hongera, Baba Happiness," akasema.

"Asante, mama."

"Yamependeza sana. Udongo umeshika." Akaligeuza lile ua vidoleni. Halafu akauliza, kwa sauti ile ile ya kuulizia habari za nyumbani, na Calist amesimama hapo hapo anasikia:

"Sasa, kuku wangu nikawachukue lini?"

Calist akamwangalia Emilian, akangoja. Magreth naye. Na mimi. Mtu mmoja akacheka kidogo akidhani ni utani.

Emilian akavua kofia. Akaitazama ndani kama ina kitu. Akaivaa tena. Akapita kati ya Calist na Mama Amosi, akakanyaga ukingo wa lile tuta bila kuangalia chini, akashika njia. Siyo ya nyumbani kwake, siyo ya ofisini. Ile ya kwenda barabarani, Mama Amosi alikopandia gari la Kinyangiri na matenga yake. Tulimwangalia mgongo mpaka akapotea kwenye alizeti.